Zulia Kutoka Ukuta wa Nyuma

Nyumbani,
3 Februari

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Leo nimejiwekea ahadi kwamba nitakuambia kila kitu, kizuri na kibaya, bila kuruka. Uliponiachia tangi lako la kioo na vyura wako watatu uliniambia, "Karani, wewe andika tu unachokiona." Basi naandika ninachokiona.

Kwanza, vyura ni wazima. Bosi bado anaimba kila asubuhi, ule mlio wake kama saa inayotiwa ufunguo. Bi Harusi amenenepa. Kimya yuko kimya. Vinzi visivyoruka vya chakula chao vinazaana vizuri kwenye makopo ya ndizi, isipokuwa kopo moja lilianguka na mama akasema kama ni kuishi na nzi angeolewa sokoni. Analalamika pia kwamba vyura wana taa yao kuanzia asubuhi mpaka jioni, naye anashona kwa mwanga wa dirisha. Lakini juzi nilimkuta ameacha cherehani, ameinama mbele ya kioo, anamwangalia Bi Harusi akivizia. Aliponiona akajifanya anatafuta sindano.

Pili, na hapa ndipo pabaya: zulia linakufa. Mwalimu wetu wa biolojia anasema jina lake ni kuvumwani, ule mmea mfupi unaoota kwenye mawe na kuta zenye unyevu, lakini mimi nitaliita zulia kama ulivyoliita wewe. Lilikuwa limefunika gogo lote, kijani, laini, mtu unatamani kulilalia. Sasa limegeuka rangi ya chai kuanzia pembeni na linaelekea katikati. Napulizia maji mara mbili kwa siku. Joto ni nyuzi ishirini na tano, nimepima. Sielewi ninakosea wapi. Bosi alikuwa anapanda pale juu kuimbia. Sasa anaimbia chini, kwenye kona, kama mtu aliyeondolewa kwenye kiti chake.

Tatu, baba. Ulisema nisikuandikie habari za baba, lakini nimeahidi kila kitu. Baba hajataja jina lako tangu Novemba, tangu siku ile uliposhuka kwenye jukwaa la kupakia rangi ukaacha rola ndani ya ndoo na ukuta umefika nusu. Mimi nilikuwa jikoni na nilisikia kipande tu: "Kama unawapenda hao vyura kuliko kazi yangu, basi kaishi nao." Ukaenda wewe, wakabaki vyura. Sasa akipita kwenye kona yao anatazama upande wa pili, kama mtu anayempita jirani waliyegombana naye. Simu ya nyumbani ni yake, ndiyo maana natumia sanduku la posta la shule. Mama wa maktaba ananipa barua zako bila kuuliza neno.

Tafadhali niambie nifanye nini kuhusu zulia.

Mdogo wako,
Karani


Kitaluni,
11 Februari

Karani,

Marahaba, na asante kwa kutoruka chochote. Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa juu ya mfuko wa mbolea, mwenye kitalu akadhani naumwa.

Kosa ni langu. Sikukuambia kuhusu maji. Unapulizia maji ya bomba, si ndiyo? Maji ya bomba yana dawa na yana chumvichumvi. Sisi tunakunywa bila kusikia, zulia linasikia. Kinga maji ya mvua kwenye ndoo safi, ndoo ambayo haijawahi kubeba rangi. Kata sehemu zote zilizokufa kwa mkasi. Punguza muda wa taa kwa saa mbili. Likikubali kuchipua, vizuri. Likikataa, tafuta jingine, kwenye mawe yaliyo mbali na watu.

Sasa hili liandike kwenye daftari na ulipigie mstari. Zulia jipya haliingii kwenye tangi. Linaingia kwenye kopo la kioo, pamoja na wadudu kumi wale weupe wa kwenye udongo wa tangi, wadogo kama punje za chumvi, na linakaa dirishani siku thelathini. Wadudu wakiwa hai siku ya thelathini, zulia ni safi. Wakifa, tupa vyote. Chura hanywi kwa mdomo, anakunywa kwa ngozi. Chochote kilicho kwenye zulia, yeye akilala juu yake ameshakinywa. Hata likiletwa na malaika, siku thelathini.

Na mimi nina habari. Nimeomba ruhusa wiki ya mwisho ya Aprili na nimepewa. Nitakuja nyumbani. Sijui nitamwambia nini mzee. Nimefanya mazoezi ya kusema "Shikamoo baba" mbele ya miche ya nyanya, na mpaka sasa hakuna mche ulionijibu vibaya. Usimwambie bado.

Kaka yako


Nyumbani,
1 Machi

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Kaa chini kwanza, juu ya mfuko au popote.

Zulia letu lilikataa kuchipua. Nilikata na kukata mpaka gogo likabaki kama kichwa kilichonyolewa. Nikaenda kwenye mawe ya nyuma ya shule lakini ni kiangazi, yote yamekauka. Mezani nikamwambia mama kwamba sina pa kulipata. Baba alikuwa anakula, hata hakuinua macho.

Ijumaa tarehe ishirini na saba akarudi saa kumi, mapema kuliko kawaida yake, amebeba trei ya rola kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba keki. Juu yake kuna gazeti lililolowa. Akasema, "Njoo uone kama hii takataka inafaa." Nikafunua. Kaka, sijawahi kuona zulia kama lile. Kipande kizima, kikubwa kuliko daftari langu, kijani kibichi, hakina hata tobo. Anapaka jengo la ofisi, lile la ghorofa mbili karibu na posta, na ukuta wake wa nyuma haupati jua. Alilibandua kwa kisu cha kukwangulia, taratibu, wakati wenzake wanakula. Wakamuuliza anafanya nini, akawaambia, "Nina wateja wagumu nyumbani."

Halafu alikwenda kunawa. Alijisugua mpaka viwikoni, mara mbili, kwa sababu aliwahi kunisikia nikimwambia mama kwamba mikono lazima iwe safi. Sikujua kwamba huwa anasikiliza. Akarudi, akasimama mbele ya tangi, mikono juu kama daktari wa upasuaji, akauliza, "Haya, kuna masharti gani? Wewe na kaka yako mna masharti mengi kuliko benki."

Umesikia? Alisema "kaka yako". Ni mara ya kwanza tangu Novemba.

Kisha akauliza, "Yeye angeanzia upande upi?" Nikamwonyesha. Mama alisimama mlangoni na sindano mdomoni, cherehani ameiacha, na wewe unamjua mama.

Kaka, nadhani Aprili itakuwa nzuri.

Mdogo wako,
Karani


Kitaluni,
8 Machi

Karani,

Nimeisoma barua yako mara nne. Ya nne niliwasomea miche.

Miaka miwili nimekaa na mzee juu ya jukwaa, na sikuwahi kumwona akibandua kitu taratibu. Yeye hukwangua. Kumwazia ameshika kisu vile, wenzake wakimcheka, kwa ajili ya vyura aliosema ni uvivu uliotiwa rangi ya buluu, kumenifanya nijione mdogo. Nilimwachia ukuta nusu, Karani. Alibaki nao peke yake, na mwenye nyumba anamsimamia. Sijawahi kulisema hili kwa mtu.

Hukuniambia kopo umeliweka dirisha gani. Mwanga wa asubuhi unatosha. Kama kipande ni kikubwa hivyo, kigawanye kwenye makopo mawili. Wadudu wako vipi?

Ndani ya bahasha kuna kikaratasi kilichokunjwa. Ni cha baba. Maneno yenyewe ni matatu tu, usikisome. Najua utakisoma.

Kaka yako


Nyumbani,
15 Machi

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Kopo liko dirisha la jikoni, upande wa asubuhi. Wadudu wako salama. Bosi anaimba kama kawaida.

Kikaratasi chako nimempa baba. Alikisoma, akakiweka kwenye mfuko wa shati la kazini, ule wa kifuani wenye kifungo.

Nina mitihani ya majaribio, kwa hiyo sitaandika mengi.

Mdogo wako,
Karani


Kitaluni,
22 Machi

Karani,

Barua yako ya mwisho ilikuwa na mistari sita. Wewe uliwahi kuniandikia hata habari za kopo la nzi lililoanguka.

Kama ni mitihani, nimeelewa. Kama ni kitu kingine, niambie. Bi Harusi anakula? Hukumtaja.

Mwenye kitalu amekubali nije na miche michache ya maua kwa ajili ya mama. Nimechagua ile isiyohitaji kubembelezwa.

Kaka yako


Nyumbani,
29 Machi

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Naandika barua hii kwa shida.

Bosi amekufa, na Bi Harusi pia. Umeme ulikatika siku mbili wiki hii, feni yao ndogo ikasimama na joto likapanda sana ndani ya tangi. Nilikuwa shuleni. Niliporudi niliwakuta miguu imenyooka. Kimya yuko hai. Nimemtoa, nimemweka kwenye bakuli la plastiki lenye karatasi iliyolowa, naye anakula kidogo.

Nimewazika kwenye chungu cha maua cha nje. Mama alinisaidia kuchimba kwa kijiko.

Baba amehuzunika kuliko nilivyotarajia. Akirudi kazini anavuta kigoda anakaa mbele ya tangi tupu, anatazama lile zulia aliloliweka kwenye gogo, na anaendelea kulipulizia maji ya mvua ingawa hakuna mtu wa kulilalia. Jana aliniuliza, "Kaka yako ameshajua?" Nikasema bado.

Nisamehe. Najua nilikuwa mlinzi wao.

Mdogo wako,
Karani


Kitaluni,
6 Aprili

Shikamoo baba,

Barua hii naituma kwako moja kwa moja kwa sababu sitaki mdogo wangu aibebe.

Aliniandikia kwamba zulia ulilolileta liko ndani ya kopo, dirishani, linasubiri siku zake thelathini kama nilivyomwagiza. Kisha ameandika kwamba wewe unakaa mbele ya tangi unatazama zulia uliloliweka kwenye gogo. Siku thelathini zilikuwa hazijaisha wakati vyura wanakufa. Kwa hiyo zulia halikukaa kwenye kopo hata siku moja. Yeye ananiambia ni joto. Karani hajui kudanganya, ndiyo maana amesahau alichokidanganya. Anakukinga wewe.

Nimefanya kazi chini yako miaka miwili. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kabla ya rangi ukuta unapigwa dawa ya kuua ukoga, na kwamba tunaanzia juu, na kwamba dawa inateremka yenyewe mpaka chini hata pale ambapo hatujafika. Ukuta ambao haujapakwa si ukuta ambao haujaguswa. Hayo ni maneno yako.

Mtoto alikuambia usubiri. Namjua, lazima alikuambia. Na wewe hujawahi kusubiri kwa neno la mtoto katika nyumba hii.

Uliniambia nikaishi nao. Sasa amebaki mmoja.

Ile ruhusa ya wiki ya mwisho ya Aprili nimeirudisha. Msalimie mama.

Mwanao


Nyumbani,
14 Aprili

Kwako mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeipata na nimeisoma mwenyewe.

Yote uliyoandika ni kweli. Ghorofa ya juu tulikuwa tumeipiga dawa siku ya Jumatano. Ukuta wa nyuma chini tulikuwa hatujaufikia, nikaona zulia ni bichi, nikadhani halijaguswa. Nimefanya kazi hii miaka thelathini na moja na siku hiyo nilisahau kwamba maji yanashuka. Nilikuwa nafikiria mambo mengine.

Mdogo wako aliniambia nisubiri siku thelathini. Nilimjibu kwamba nyumba hii ni yangu, nikaliweka. Akaogopa kukuambia. Kwa hiyo yeye hana kosa na usimuulize tena habari hii, ana mitihani.

Kuhusu ule ukuta nusu, niliumaliza siku hiyohiyo. Haukuwa mkubwa. Wewe hukuwa mvivu, nilisema tu.

Kikaratasi chako ninacho.

Kama hutaki kuja kwa ajili yangu, njoo umwone mama yako na mdogo wako. Wiki hiyo nina kazi upande wa pili wa mji, naondoka alfajiri. Naweza kulala hukohuko kwenye kazi, wenzangu wanafanya hivyo. Hutanikuta.

Baba yako


Nyumbani,
15 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Barua hii iko bahasha moja na ya baba. Soma yake kwanza. Kama umeshaisoma, endelea.

Baba amekuandikia kwamba nilimwambia asubiri. Sikumwambia.

Nilikuandikia tarehe moja Machi kwamba aliuliza, "Kuna masharti gani?" Sikukuandikia nilichomjibu. Nilimjibu, "Hakuna, baba. Weka tu."

Kopo lilikuwa tayari, limeoshwa, liko juu ya kabati hatua tatu kutoka pale tulipokuwa. Daftari lilikuwa mezani na ule mstari niliouchora chini ya "siku thelathini" kwa wino mwekundu. Sikusahau. Ningekuwa nimesahau ingekuwa nafuu. Nilijua, na nilimtazama baba amesimama na mikono yake iliyosuguliwa, ametoka tu kusema "kaka yako", na nikaona kwamba nikimwambia mwezi mmoja ataiweka trei chini, atasema "sawa", na hatarudi tena kwenye kona ile. Niliogopa ile "sawa". Unaijua ile "sawa" yake. Nikafikiri, ni zulia zuri, limetoka ukutani tu, litakuwa na nini? Basi akaliweka. Alichukua karibu saa nzima. Alikuwa anabonyeza kingo kwa kidole gumba kama anavyobonyeza utepe kwenye fremu za madirisha ili rangi isivuke, na alipomaliza alirudi nyuma hatua mbili akakunja uso, namna anavyoutazama ukuta uliokubali. Bosi akapanda palepale na kuimba. Baba akasema, "Huyu naye anajua kukagua." Mimi nilifurahi, kaka. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, jinsi nilivyofurahi.

Siku ya tatu niliona wadudu weupe wanaelea kwenye maji ya chini, wamekufa. Nilijua maana yake, kwa sababu uliniandikia maana yake. Ningeweza kulitoa zulia siku ile. Lakini baba alikuwa anarudi kila jioni anauliza, "Wateja wanasemaje?" na mimi ningemwambia nini? Nikajipa siku moja zaidi, halafu nyingine. Tarehe nane Bosi akaacha kuimba. Tarehe kumi na tatu akafa. Nilipokuandikia tarehe kumi na tano kwamba anaimba kama kawaida, alikuwa ameshakaa siku mbili kwenye chungu cha maua. Bi Harusi alimfuata tarehe ishirini. Umeme haukukatika. Feni ilikuwa inazunguka muda wote, vizuri kabisa.

Barua yako kwa baba ilifika Jumamosi. Aliisoma kwenye kizingiti, akaigeuza nyuma kuona kama kuna zaidi, akaisoma tena. Halafu akaniita.

"Kuna siku thelathini?"

"Ndiyo, baba."

"Ulikuwa unazijua?"

"Nilikuwa nazijua."

"Sasa mbona nilipouliza hukusema?"

Nikasema, "Ulikuwa umefurahi."

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa amevaa shati la mwingine. Akasema, "Mimi?" Aliingia ndani, akalitoa zulia lote kwa mikono, akalitia kwenye mfuko, akaliosha tangi mara nne kwa maji ya mvua. Mama akamwambia, "Utakula kwanza," akasema hana njaa.

Jumanne jioni alinipa barua yake nimsahihishie. Anasema darasa la sita lake halikufika kwenye koma. Nilipofika pale anaposema nilimkataza nikaweka kalamu chini.

"Baba, hii si kweli."

"Wewe sahihisha maandishi. Ukweli sijakuomba."

"Lakini hukusema hivyo. Hukusema nyumba ni yako."

"Siku nyingine nimesema. Iandike hapo, haitapotea."

"Atakasirika zaidi."

"Kwangu ameshazoea kukasirika," akasema. "Na mimi nimezoea. Wewe ndiye pekee katika nyumba hii anayemwandikia. Akikukasirikia wewe, nani atamwandikia? Mimi na koma zangu?"

Nikasahihisha. Niliongeza koma saba na kubadilisha "alafu" moja. Mengine yote ni yake. Pale alipoandika "Hutanikuta" nilimuuliza kama anataka kweli ibaki, akasema ibaki.

Amenipa bahasha kwenda nayo posta kesho. Hajui kwamba ndani kuna karatasi yangu. Nilimwahidi kwamba nitanyamaza na sasa nimevunja ahadi hiyo pia, lakini nimechoka kuwa mtu asiye na kosa. Kila mtu ananitetea, na wote mnatetea mtoto ambaye hayupo. Wewe umemwandikia baba kwamba lazima nilimwambia, kwamba unanijua. Hunijui, kaka. Nilikuwa na neno moja tu la kusema siku ile, lilikuwa limepigiwa mstari mwekundu, na sikulisema.

Kimya ni mzima. Amehamia kwenye bakuli kubwa zaidi. Jana, kwa mara ya kwanza, alitoa mlio, mdogo sana, mama akauliza kama ni cherehani inataka mafuta. Kumbe naye ni dume, na wakati wote alikuwa anamwachia Bosi. Siliandiki hili ili nikupoze. Nimeahidi kila kitu, na hicho nacho kimetokea.

Sikuombi unisamehe katika barua hii, wala sikuombi uiombe tena ile ruhusa yako ya kazini, ingawa bado ziko siku tisa kabla ya wiki ile kuanza na basi la asubuhi linafika hapa saa nane. Nakuomba ujibu swali moja, kwa posta ya kwanza, usilipite kama unavyoyapita maswali yangu mengine. Ukishamaliza kusoma karatasi hizi mbili, utamwandikia nani kwanza: mimi niliyekudanganya mara tatu, au baba aliyekudanganya mara moja?

Mdogo wako,
Karani